UZI: Julian Bond, mwakilishi wa Georgia aliyechaguliwa mara tatu kwa kiti kilekile ndipo akaapishwa

#1 (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku.

Leo namleta mtu ambaye huku kwetu hasikiki sana. Wanaomfahamu wanamkumbuka kama mwenyekiti wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za weusi Marekani, mzee mtanashati mwenye sauti ya mtangazaji. Mimi nataka tumjadili kwenye ile miaka 20 aliyokaa kwenye bunge la jimbo la Georgia, Marekani. Ni ngazi ya siasa ambayo hata Wamarekani wenyewe, ukiwauliza mwakilishi wao ni nani, wengi wanabaki kukodoa macho.

Jumatatu, 10 Januari 1966, Atlanta. Ukumbi wa Baraza la Wawakilishi umefurika, ni siku ya kufungua kikao. Wajumbe wanaitwa kuapa. Kijana mmoja mwembamba, mweusi, suti na tai, umri miaka 25, anaambiwa na karani asubiri, yeye haapi na wenzake. Ukumbi mzima unasimama kuinua mikono, yeye kakaa.

Huyo alikuwa ameshinda uchaguzi kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura. Hakuna aliyedai kaiba. Hakuna aliyedai hana sifa za umri, uraia au makazi. Usiku wa siku hiyohiyo wakapiga kura: 184 wakasema asiingie, 12 wakasema aingie. Akatoka nje.

Kosa? Siku 4 nyuma, tarehe 6 Januari, kamati ya harakati ya wanafunzi aliyokuwa akifanyia kazi, SNCC, ilitoa tamko la kupinga vita ya Vietnam. Siku chache kabla ya hapo, tarehe 3, kijana wao mmoja, Sammy Younge, mwanafunzi wa Tuskegee kule Alabama aliyewahi kulitumikia jeshi la majini, alipigwa risasi akafa. Aligombana na mhudumu wa kituo cha mafuta kuhusu choo cha wazungu. Tamko likasema wazi kwamba kuuawa kwake hakuna tofauti na kuuawa kwa watu kule Vietnam. Bond hakuliandika yeye. Mwandishi wa redio alimpigia simu, akamuuliza unaliunga mkono? Akajibu ndiyo. Akaongeza kwamba ni unafiki kudai unapigania uhuru ng'ambo huku raia wako wa ndani huwapi. Simu ilikuwa inarekodiwa.

Wajumbe 75 wakaweka sahihi za kumpinga. Kwenye kumhoji, kanda ikachezwa mbele ya wote. Wakambana na suala la vijana waliokuwa wakichoma kadi zao za kuitwa jeshini. Akajibu kwamba anauheshimu ujasiri wao, lakini yeye hajawahi kumshauri mtu yeyote achome, na kadi yake mwenyewe ipo mfukoni, wakitaka aitoe waione.

Naweka nukta, naenda kula. Narudi.

#2

Tiririka mkuu, nimeweka kambi hapa.

#3

Ngoja kwanza. Bunge la jimbo ndio lipi? Si wana Congress kule Washington?

#4

Mkuu #3, mimi niko Nakuru, nikusaidie. Chukua bunge la kaunti kama haya yetu ya Kenya, halafu ulipe mamlaka ya kutunga sheria za jinai za jimbo, kodi za jimbo, sheria za shule, na juu ya hayo yote, kuchora mipaka ya maeneo ya wabunge wanaokwenda Washington. Hapo ndipo penye utamu. Ngoja mleta uzi afike huko.

#5 (mleta uzi)

Ndugu wa Nakuru kamaliza, nami naongeza machache. Georgia ina mabaraza mawili, la Wawakilishi na Seneti. Muhula ni miaka 2, yaani hujakaa vizuri umerudi mtaani kuomba kura. Kikao kinafunguliwa Jumatatu ya pili ya Januari, na siku za kazi kwa mwaka ni 40 tu. Kwa hiyo si ajira ya kudumu: wajumbe ni mawakili, wakulima, mawakala wa bima, wachungaji. Posho ni ndogo. Hili la posho mliweke akilini, litatuletea shida mbele.

Na kwanini 1965 ndio weusi walipata nafasi? Kwa miaka mingi Georgia ilipanga siasa zake ili wilaya ndogo za vijijini ziizidi nguvu Atlanta yenye watu wengi. Mahakama Kuu ya Marekani ikaubomoa mpango huo kwenye kesi za 1963 na 1964, mipaka ikachorwa upya, na uchaguzi maalumu ukaitishwa Juni 1965. Weusi 8 wakapita, wa kwanza kuingia kwenye baraza hilo tangu 1907. Bond alikuwa mmoja wao, eneo namba 136.

Na hii ya kumfungia mtu mlango si mara ya kwanza Georgia. Mwaka 1868, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wabunge weusi walichaguliwa kihalali, na Septemba ya mwaka huohuo wenzao wazungu wakawafukuza kwa hoja kwamba haki ya kupiga kura haimpi mtu mweusi haki ya kushika madaraka. Walirudishwa 1870. Kwa hiyo mwaka 1966 watu wa Atlanta hawakuhitaji kuelezwa wanachokiona.

#6

Huyu dogo alitokea wapi? Usiniambie mtoto wa mama ntilie.

#7 (mleta uzi)

Hapana, na mimi nampenda kwa sababu hakuwahi kujifanya katoka kwenye ufukara. Alizaliwa Nashville, Tennessee, 14 Januari 1940. Babu yake, James Bond (ndiyo, msicheke), alizaliwa mtumwa Kentucky akaja kuwa mchungaji mwenye shahada. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa mkuu wa kwanza mweusi wa Lincoln University, Pennsylvania, chuo walichosoma Nkrumah na Azikiwe. Mama yake mkutubi. Nyumbani kwao wageni wa mezani ni watu kama W.E.B. Du Bois, msomi mkubwa wa weusi wa Marekani.

Wakampeleka bweni, shule ya Waquaker (dhehebu la Kikristo), karibu wanafunzi wote wazungu. Akawa na rafiki wa kike mzungu. Mkuu wa shule akamwita, akamwomba kwa upole kabisa kwamba akitoka naye mjini asivae koti la shule. Bond aliwahi kueleza kwamba hapo ndipo ubaguzi ulipomgonga usoni.

Mwaka 1957 akaingia Morehouse, Atlanta. Huko aliwahi kukaa darasa la falsafa lililofundishwa na Martin Luther King, wanafunzi wachache wa kuhesabika. Mapema 1960 yuko kwenye mgahawa karibu na chuo, mwanafunzi mwenzake Lonnie King anamwekea gazeti mezani: vijana weusi wa Greensboro, North Carolina, wamekaa kwenye kaunta ya wazungu wamegoma kuondoka. Lonnie anauliza, na hapa itatokea? Bond akasema itatokea tu. Lonnie akamwambia basi sisi ndio tuifanye itokee.

Tarehe 15 Machi 1960 Bond akaongoza kundi kwenda mgahawa wa jengo la serikali ya jiji. Nje pana bango kubwa: umma unakaribishwa. Yule mama wa ndani akawaambia hapa ni kwa wafanyakazi tu. Bond akamkumbusha bango. Mama akajibu kwamba hilo bango hawamaanishi. Polisi wakaitwa, vijana wakabebwa.

Mwezi uliofuata SNCC ikaundwa Raleigh, naye akaja kuwa mkuu wa mawasiliano. Akaacha chuo 1961 (alirudi akamaliza 1971). Kazi yake ilikuwa simu na taipureta: mtu akikamatwa au kupigwa Mississippi, Bond anaandika taarifa, anapigia magazeti, hasa ya mji anaotoka huyo aliyekamatwa, maana mhariri wa huko hawezi kukataa habari ya mtoto wa kwao. Ukitaka kujua kwanini baadaye kila kipaza sauti kilimpenda, anzia hapo.

#8

Uzi mtamu lakini tuwe wakweli, haya ya Georgia yanatuhusu nini sisi? Tuna ya kwetu tele.

#9 (mleta uzi)

Hayakuhusu sana, mkuu, hulazimishwi. Ila kwa kuwa umeuliza: Desemba 1963, siku chache baada ya Kenya kupata uhuru, Jaramogi Oginga Odinga alikuwa ziarani Marekani akafika Atlanta. Vijana wa SNCC wakaenda hotelini kwake kumsalimia, wakamwimbia. Walipotoka wakaingia mgahawa wa jirani kunywa kahawa, wakanyimwa, wakagoma kutoka, wakakamatwa. Wakatunga na wimbo wenye jina lake. Mwaka 1964 Bond alikuwa kwenye msafara wa SNCC uliokwenda Guinea kwa Sékou Touré, na mwenzao John Lewis akaunganisha safari hadi Nairobi, ambako alikutana na Malcolm X. Huyo Lewis mshike, atarudi kwenye uzi huu kwa namna isiyopendeza.

#10

Hapo kwa Jaramogi nimesimama. Endelea na kesi.

#11 (mleta uzi)

Kesi. Siku chache baada ya kufungiwa, King aliongoza maandamano hadi jengo la bunge la jimbo. Na hapa kuna kitu watu wengi hawakijui: King alikuwa mpiga kura wa Bond. Nyumba yake ilikuwa Vine City, ndani ya eneo la 136. Kwa hiyo kesi ilipofunguliwa, Bond akidai kiti chake, King naye akaingia kama mkazi aliyenyimwa mwakilishi. Wakili mkuu alikuwa Howard Moore, shemeji yake Bond, kamuoa dada yake.

Mahakama ya shirikisho pale Atlanta, majaji watatu, ikamkatalia: 2 kwa 1. Wakati huohuo jimbo likatangaza kiti ki wazi, likaitisha uchaguzi mdogo wa 23 Februari 1966. Nani kagombea? Bond. Nani kampinga? Hakuna. Akashinda, wakamgomea tena. Ukaja uchaguzi wa kawaida wa Novemba 1966, akashinda tena. Mara ya tatu. Watu wa 136 walikuwa wanatuma barua ileile kwa anwani ileile.

Kule Mahakama Kuu hoja ya Georgia ilikuwa hivi: katiba ya jimbo inalipa baraza haki ya kuamua sifa za wajumbe wake. Mjumbe lazima aape kuilinda Katiba, na mtu mwenye maneno kama ya Bond hawezi kuapa kwa moyo mweupe. Tena mbunge anapaswa kubanwa zaidi ya raia wa kawaida. Tarehe 5 Desemba 1966 hukumu ikatoka, majaji wote 9 upande mmoja, imeandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren. Kwa maneno yangu: kiapo kipo, lakini wengi hawawezi kukigeuza kipimo cha moyo wa mtu ili wamnyamazishe asiyekubaliana nao. Na mbunge hana uhuru mdogo wa kusema kuliko mpiga kura wake. Kinyume chake, ndiye anayehitaji nafasi pana zaidi ya kuzungumzia sera, ili waliomchagua wamjue na wapate wa kuwasemea. Kesi inaitwa Bond v. Floyd. Huyo Floyd ni mjumbe mwenzake aliyekuwa mstari wa mbele kumzuia.

Mimi si mwanasheria, ila ningekuwa na uwezo ningeibandika ile aya ya Warren mlangoni pa kila kamati ya maadili ya bunge duniani.

#12

Mkuu umemaliza kila kitu. Akaapishwa lini?

#13 (mleta uzi)

9 Januari 1967. Na siku yake ya pili kazini anakutana na nini? Kumchagua gavana. Uchaguzi wa 1966 haukumpa mtu wingi wa kura unaotakiwa, kwa hiyo kwa katiba ya Georgia mabaraza mawili ndiyo yanayoamua. Mgombea mmojawapo ni Lester Maddox, mwenye mgahawa aliyejipatia jina 1964 kwa kuwafukuza wateja weusi akiwa na bastola, wafuasi wake wameshika mipini ya mashoka. Bunge likampa Maddox ugavana. Bond alikuwa kwenye kikundi kidogo cha wajumbe waliokataa kumpigia yeyote kura. Ndivyo alivyoanza.

Agosti 1968 akaenda Chicago kwenye mkutano mkuu wa Democrats, akiwa kinara wa ujumbe uliowapinga wajumbe waliochaguliwa na Maddox na chama chake cha jimbo. Wakagawana viti nusu kwa nusu. Halafu katikati ya vurugu zote zile akapendekezwa kuwa mgombea mwenza wa urais. Akasimama akajitoa: katiba inataka miaka 35, yeye ana 28. Amerika nzima ikamwona kwenye televisheni. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuwa mkubwa kuliko kiti chake.

#14

Sasa tuambie alifanya nini BUNGENI. Wanasiasa wa televisheni tunao hata huku.

#15 (mleta uzi)

Swali zuri, na jibu lake si la kumpamba. Alikaa Baraza la Wawakilishi hadi alipohamia Seneti ya jimbo, 1975 hadi 1987. Alishiriki kudhamini miswada zaidi ya 60 iliyokuwa sheria, na alisaidia kuwaunganisha wabunge weusi wa Georgia kuwa kundi lenye nguvu. Miaka ya mwanzo wenzake wazungu wengi hata salamu walimnyima, na mswada usio na marafiki haufiki popote.

Lakini kuna lawama iliyomfuata miaka yote: mtoro. Kumbukeni nilisema posho ndogo. Ana watoto 5. Alikuwa anaishi kwa kutoa mihadhara vyuoni nchi nzima, alikuwa rais wa kwanza wa Southern Poverty Law Center, shirika la kisheria la kutetea haki za kiraia, tangu 1971, na 1977 akaendesha toleo moja la kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live. Wenzake wakasema huyu anaijua njia ya uwanja wa ndege kuliko njia ya kamati. Kwa maoni yangu walikuwa na haki nusu. Mfumo unaomlipa mbunge chenji halafu unamtaka awepo, unawapendelea wenye mashamba na ofisi za uwakili. Lakini mpiga kura anayetaka taa ya barabarani hawezi kula mhadhara wa Harvard.

Kazi yake kubwa kuliko zote Seneti, kwangu, ni ile ya mipaka. Sensa ya 1980 ilipotoka, bunge la jimbo likachora upya maeneo ya Congress. Bond akapigania eneo la 5, Atlanta, liwe na weusi wengi wa kutosha kumchagua wamtakaye. Wenzake wakapitisha ramani iliyompunja. Wizara ya Sheria ikaikataa chini ya Sheria ya Haki za Kupiga Kura, mahakama ikaingia kati, na likatoka eneo lenye weusi takriban asilimia 65.

#16

Akagombea akashinda, uzi ukaisha 😀

#17 (mleta uzi)

Angeshinda nisingeandika uzi.

1986 kiti kikawa wazi, Bond akagombea. Jina kubwa, pesa, wasanii, kila kitu. Dhidi yake nani? John Lewis, rafiki yake wa miaka 25, yule wa Nairobi, mtoto wa wakulima wa Alabama aliyepasuliwa kichwa na polisi pale Selma 1965, sasa diwani wa Atlanta. Si msemaji. Anaamka alfajiri anashika mikono ya watu vituo vya basi.

Duru ya kwanza Agosti: Bond asilimia 47, Lewis 35. Georgia inataka zaidi ya 50, kwa hiyo marudio. Lewis akajinadi kama punda wa kazi dhidi ya farasi wa maonyesho. Halafu kwenye mdahalo akamtupia changamoto: twende wote tukapimwe mkojo, dawa za kulevya. Bond akakataa, akaona ni kudhalilishana. Tarehe 2 Septemba Lewis akashinda, takriban 52 kwa 48. Bond alipata wapiga kura weusi wengi zaidi, lakini wazungu wa eneo lile walimpa Lewis kwa wingi. Yaani eneo alilolipigania weusi wamchague wamtakaye, wazungu wachache waliobaki ndani yake ndio walioamua mweusi gani.

Urafiki ulikatika kwa miaka mingi.

#18

Usifiche. Kuhusu kokeini je?

#19 (mleta uzi)

Sifichi. 1987 mkewe aliwaambia polisi wa Atlanta kwamba mumewe anatumia kokeini, baadaye akaziondoa kauli zake. Uchunguzi ulifanyika, Bond hakushtakiwa. Ndoa ilivunjika 1989. Kilicho kwenye rekodi ni hicho, mengine ni umbea wa miaka 40.

#20

Mimi namtetea Lewis. Kumpima mtu mkojo ni rafu, lakini siasa si ibada. Bond alidhani kura ni haki yake.

#21

#20 unazungumza kama hujawahi kuchomwa kisu na rafiki. Mtu mmekamatwa wote, mmelala chini wote, leo anakufanya uonekane mvuta unga mbele ya kamera?

#22 (mleta uzi)

Wote mna hoja, nami niko katikati naegemea kwa #20. Lewis alikaa kwenye kiti hicho hadi kufa kwake Julai 2020. Bond akaenda kufundisha historia, University of Virginia kwa zaidi ya miaka 20, akawa sauti ya msimulizi kwenye mfululizo mashuhuri wa televisheni kuhusu harakati zao, na 1998 hadi 2010 akaongoza bodi ya NAACP. Hakuzeeka kimya: 2006 hakwenda mazishi ya Coretta Scott King, mjane wa Martin Luther King, kwa sababu yalifanyika kwenye kanisa linalopinga haki za mashoga, na Februari 2013, umri miaka 73, akakamatwa mbele ya Ikulu ya Washington akipinga bomba la mafuta. Alifariki 15 Agosti 2015 Florida. Familia ikaomba watu, siku ya kumwaga majivu yake baharini, wadondoshe maua kwenye maji popote walipo.

#23

Watoto wake wako siasani?

#24 (mleta uzi)

Mmoja ninayemjua, Michael Julian Bond. Ni diwani wa Jiji la Atlanta, kiti cha jiji zima si cha kata moja.